Nani Aliamua Tuwe na Mlango Mmoja?

Leo tuzungumze kuhusu vita. Sio vile vya vifaru na ndege. Nazungumzia tarehe 27 Julai 2023, siku ambayo eCitizen ililemewa na nchi ikabaki kuduwaa. Malipo ya simu nayo yalisumbua, watu wakakosa tokeni za stima, tiketi za treni zikawa shida, na wageni walioshindwa kupata viza mtandaoni ikabidi wapewe wakishatua. Kundi lililojiita Anonymous Sudan likajigamba kuwa ndilo lililofanya kazi hiyo. Waziri wa wakati huo, Eliud Owalo, alikubali kwamba mfumo ulishambuliwa, akasema hakuna data iliyopotea.

Hilo la data sina ugomvi nalo. Shambulizi la aina hii (wenye fani huliita DDoS) halivunji kufuli. Linajaza wateja bandia mlangoni hadi wateja wa kweli wakose pa kupita. Tena ni silaha rahisi. Oktoba 2024 Marekani ilipotangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, ilidai kwamba chombo chao kilifanya mashambulizi zaidi ya 35,000, na kwamba walikuwa wakikikodisha kwa yeyote mwenye pesa. Ndugu wawili jamani! Hakuna brigedi hapo, hakuna kambi.

Sasa rudi nyuma kidogo. Tarehe 30 Juni 2023 serikali ilizindua huduma 5,000 kwenye eCitizen, kwa shangwe, huku idara zikiamriwa kuacha namba zao za malipo na kutumia moja tu, 222222. Shambulizi lilikuja siku 27 baadaye. Sababu zilizotolewa zilikuwa za mapato: kuziba mianya, kuondoa wizi wa pesa taslimu. Ni sababu nzuri, sizikatai. Lakini ukichukua pasipoti, leseni, cheti cha kuzaliwa na viza ukaviweka nyuma ya mlango mmoja, umefanya uamuzi wa ulinzi wa taifa, upende usipende. Je, kuna aliyeuliza mlango huo ukizibwa kwa siku tatu wananchi watapitia wapi? Kama aliulizwa, jibu lilionekana Julai.

Watetezi watasema geti moja ni rahisi kulilinda kuliko mageti mia. Kwa mwizi, sawa. Kwa mtu ambaye shabaha yake ni kuziba geti tu, umemrahisishia kazi.

Nimesoma Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 nikahesabu viti vya kamati ya taifa iliyoundwa nayo. Katibu wa usalama wa ndani ndiye mwenyekiti. Kuna katibu wa ICT, Mwanasheria Mkuu, mkuu wa majeshi, mkuu wa polisi, mkuu wa ujasusi, Mamlaka ya Mawasiliano, mkuu wa mashtaka na Gavana wa Benki Kuu. Sikuona kiti cha kampuni za simu, wala vyuo vikuu, wala yule kijana anayeamshwa saa tisa usiku seva ikianguka. Na upande wa vita vya habari, sheria hiyo ilipopitishwa ilimwekea mwananchi anayechapisha uongo wa kuzua hofu faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 10. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikimbilia mahakamani mwaka huo huo. Yaani bunduki ilielekezwa kwetu kwanza!

Tazama Estonia, nchi ya watu kama milioni 1.3 hivi, jirani yake Urusi. Aprili 2007, baada ya kuhamisha sanamu ya askari wa Kisovieti mjini Tallinn, benki, magazeti na tovuti za serikali zilishambuliwa kwa wiki kadhaa. Mwaka uliofuata mkakati wao ulichapishwa, kila mtu akausoma. Baadaye wakaunda kikosi cha wataalamu wa kujitolea, raia wa kawaida wenye kazi zao, ndani ya jeshi la kujitolea la ulinzi. Mwaka 2017 kasoro ilipogunduliwa kwenye chipu za vitambulisho zaidi ya 700,000, serikali yenyewe ilitangaza Septemba, na Novemba ikasimamisha vyeti vya kadi hizo. Haikungoja adui aitangaze.

Wakubwa wetu hupenda kusema mambo ya usalama ni siri. Siri kwa nani? Aliyeshambulia anajua alituma mzigo kiasi gani na saa ngapi mfumo ulikubali kushindwa. Asiyejua ni fundi wa Kisumu au Mombasa anayejenga mfumo wa kaunti kwa mtindo ule ule wa mlango mmoja. Mimi sijaona ripoti ya kiufundi iliyotolewa kwa umma kuhusu siku ile: nini kilianguka kwanza, nani alikuwa na mamlaka ya kuamua, njia gani ya akiba ilikuwepo. Kurasa kumi zinatosha. Majina ya majasusi wabaki nayo.