Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Hadi Lini?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Johnathan Wendel, Mmarekani aliyejulikana ulingoni kama Fatal1ty, alitunzwa dola 150,000 jijini New York mwaka wa 2005 alipomshinda Mholanzi Sander Kaasjager katika fainali ya Painkiller, mchezo wa kompyuta wa kufyatuliana risasi. Wanaouita uchezaji huo uzembe wamepotoka: ni kazi idaiyo mazoezi ya saa nyingi kila siku. Hata hivyo, wepesi wa vidole na macho haudumu. Wendel aliling'amua hilo mapema, akalitia jina lake la ulingoni kwenye vifaa vya kompyuta vilivyouzwa madukani. Kijana anayeitamani njia hiyo na ajiulize kwanza: tuzo ikiisha, atabaki na nini?