Mlima Hauulizi Ukubwa wa Gurudumu

Imani kwamba baiskeli ya kukunja, yaani ile yenye bawaba katikati ya fremu inayoiwezesha kukunjwa na kuwekwa chini ya kitanda au katika buti la gari, haifai mahali penye milima kwa sababu magurudumu yake ni madogo, imeenea kiasi kwamba wauzaji huitamka mbele ya wateja bila kuulizwa, na wateja nao huipokea kama jambo lisilohitaji ushahidi. Mkazi wa Lushoto, Mbeya, Bukoba au Kigali anayetafuta chombo cha bei nafuu cha kufanyia mazoezi huambiwa anunue baiskeli kubwa ya milimani au aache kabisa, na kwa kuwa chumba chake cha kupanga hakina pa kuilaza baiskeli kubwa isiibwe, mara nyingi huacha. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake si madogo, kwani inawanyima zoezi watu wale wale ambao mwinuko ulio mlangoni pao ungewafaa kuliko mashine yoyote ya ukumbi wa mazoezi.

Hoja inayotolewa kuitetea ni kwamba gurudumu dogo hulazimika kuzunguka mara nyingi zaidi ili kumaliza umbali ule ule, na kwa hiyo mwenye baiskeli hulazimika kukanyaga zaidi. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Gurudumu la inchi 20, ambalo ndilo la kawaida katika baiskeli za kukunja, lina mzingo wa takriban mita 1.5, ilhali lile la inchi 28, la baiskeli nyeusi za mizigo zilizozoeleka vijijini, lina mzingo wa takriban mita 2.2. Sehemu ya pili, hata hivyo, haitokani na ya kwanza, kwa sababu mguu haulisukumi gurudumu moja kwa moja: kati yake na gurudumu ipo cheni inayounganisha sproketi ya mbele, ile iliyoshikamana na pedali, na sproketi ya nyuma iliyo kwenye kitovu cha gurudumu, na uwiano wa meno ya sproketi hizo mbili ndio unaoamua gurudumu lizunguke mara ngapi kila pedali inapozunguka mara moja.

Kipimo kinachostahili kuangaliwa, kwa hiyo, ni umbali ambao baiskeli husogea kwa mzunguko mmoja kamili wa pedali, umbali ambao katika makala haya utaitwa hatua ya pedali. Hupatikana kwa kugawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha kuzidisha jibu kwa mzingo wa gurudumu. Baiskeli nyeusi ya inchi 28 yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, isiyo na gia ya kubadilisha, ina hatua ya karibu mita 5.4. Baiskeli ya kukunja ya inchi 20 yenye meno 48 mbele, ikiwa cheni imewekwa kwenye sproketi ya nyuma yenye meno 28, ina hatua ya karibu mita 2.6. Kadiri hatua inavyokuwa fupi ndivyo mguu unavyohitaji kusukuma kwa nguvu ndogo zaidi ili baiskeli ipande, na kutokana na hesabu hii inaonekana wazi kwamba, meno yakibaki yale yale, gurudumu dogo hufupisha hatua. Kile kinachotajwa kuwa kilema cha baiskeli ya kukunja mlimani ni msaada wake.

Ushahidi usiohitaji hesabu yoyote upo Burundi, kwenye barabara inayopanda kutoka Bujumbura kuelekea Bugarama. Kwa miaka mingi vijana wanaosafirisha ndizi na mazao mengine kwa baiskeli wameonekana huko wakijishikiza nyuma ya malori ili wavutwe kupanda mlima, desturi iliyogharimu maisha ya wengi. Vijana hao si dhaifu, na baiskeli zao zina magurudumu makubwa kama yanavyosifiwa. Wanachokosa ni gia fupi, na ukubwa wa gurudumu, badala ya kuwaokoa, unairefusha hatua ambayo tayari ni ndefu mno. Lau imani ya wauzaji ingekuwa sahihi, barabara ile isingekuwa na kijana hata mmoja anayening'inia nyuma ya lori.

Jambo hili linaweza kupimwa kwa wati, yaani kipimo cha nishati ambayo mwili hutoa kila sekunde. Mtu mzima mwenye afya asiye mwanariadha huweza kutoa takriban wati 100, na akizoea 150, kwa muda mrefu bila kuishiwa pumzi. Mtu wa kilo 75 aliye juu ya baiskeli ya kilo 13, akipanda mwinuko wa asilimia 6, yaani barabara inayoinuka mita 6 kwa kila mita 100, na akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, atahitaji zaidi ya wati 300 iwapo hatua yake ni mita 5.4, karibu wati 160 iwapo ni mita 2.6, na karibu wati 115 iwapo ni mita 1.9. Kiasi cha kwanza ni cha mwanamichezo wa mashindano, cha pili kinamfaa aliyekwisha kuzoea, na cha tatu kiko ndani ya uwezo wa karani, mwalimu au mama wa makamo anayeanza mazoezi wiki hii. Ukubwa wa gurudumu haujitokezi popote katika hesabu hiyo isipokuwa kwa kupitia hatua ya pedali, na hatua hiyo inaweza kurekebishwa na fundi baiskeli wa kawaida.

Hapa ndipo inapostahili kukiriwa kwamba watu waliowahi kujaribu baiskeli ya kukunja kilimani na kushindwa hawakusema uongo. Baiskeli nyingi za aina hiyo, zikiwamo za mtumba zenye gia sita au saba, zilitengenezwa kwa ajili ya miji tambarare, kwa mtu anayetoka nyumbani kwenda kituo cha treni, na watengenezaji huzifunga sproketi kubwa ya mbele, mara nyingi yenye meno 48 au 52, kwa makusudi ya kufidia udogo wa gurudumu ili mwendo katika tambarare usiwe wa polepole. Msaada ambao gurudumu dogo lingetoa mlimani huondolewa kiwandani, kisha lawama huangukia gurudumu. Aliyeshindwa alishindwa na sproketi ya mbele, kitu kinachobadilishwa kwa gharama ndogo.

Mnunuzi makini basi hahitaji kuuliza baiskeli ina gia ngapi, swali ambalo wauzaji hupenda kulijibu kwa sababu nambari 21 husikika vizuri, bali anahitaji kuinama na kuhesabu meno: ya sproketi ndogo kuliko zote mbele, na ya sproketi kubwa kuliko zote nyuma. Baiskeli ya inchi 20 yenye meno 44 mbele na 34 nyuma ina hatua ya karibu mita 1.9, ambayo haiko mbali na ile ya baiskeli nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa jina la baiskeli za milimani, zenye magurudumu ya inchi 26, meno 24 mbele na 28 nyuma, ambazo hatua yake fupi kabisa ni karibu mita 1.8. Kama baiskeli iliyopo dukani ina meno 52 kwa 28, iangaliwe kama sproketi yake ya mbele imefungwa kwa skrubu au imegongelewa moja kwa moja kwenye mkono wa pedali. Iliyofungwa kwa skrubu hubadilishwa peke yake na cheni ikapunguzwa pingili chache, lakini iliyogongelewa hulazimu kununua na mkono wake. Sproketi za nyuma nazo hubadilishwa, mradi kibadilisha gia, yaani kile kifaa kinachoning'inia chini ya kitovu na kuihamisha cheni, kiwe na uwezo wa kuimudu sproketi ya meno 34.

Jambo la pili linalotiwa chumvi ni uzito. Baiskeli ya kukunja nyepesi sana ni ghali sana, na mnunuzi wa kipato cha kawaida huaminishwa kwamba bila wepesi huo mlima hautapandika. Mlima, hata hivyo, huuona uzito wote kwa pamoja, wa mtu na wa chombo, na katika mfano wa kilo 88 uliotajwa juu, kupunguza kilo 3 za baiskeli hupunguza kazi kwa takriban asilimia 3 tu. Kujaza tairi upepo hadi kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake hakugharimu chochote cha kutajika, ilhali tairi legevu humnyonya mwendeshaji nguvu kwa kila mita anayokwenda. Aidha, zile baiskeli kubwa za bei nafuu zenye springi mbele na nyuma, ambazo huuzwa kama dawa ya milima, mara nyingi ni nzito kuliko za kukunja, na springi zake hubonyea kila mguu unapokanyaga, hivyo sehemu ya jasho la mwenye baiskeli huishia kwenye springi.

Gurudumu dogo lina udhaifu wake halisi, nao haupo mahali ambapo imani iliyozoeleka inauelekeza. Kwenye barabara ya changarawe au yenye mashimo hutumbukia kwa urahisi zaidi na kumrusha mwendeshaji zaidi, kwa hiyo anayeishi mbali na lami afikirie mara mbili. Wakati wa kushuka hali ni nzito zaidi: nishati iliyotumika kuinua uzito hurudi kama mwendo ambao breki hulazimika kuugeuza joto, na rimu ndogo, kwa kuwa ina chuma kidogo, hupata moto upesi kuliko kubwa, huku usukani wake mwepesi ukihitaji mikono iliyotulia. Bawaba za fremu na za shina la usukani nazo zikaguliwe kabla ya kila safari, na mwenye baiskeli apande akiwa ameketi badala ya kusimama juu ya pedali na kuuvuta usukani. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha uzito wa mwendeshaji karibu na kilo 105 au 110, nacho kiheshimiwe.

Lakini hata katika kushuka, kukunjika kwenyewe hutoa njia ambayo baiskeli kubwa haina. Barabara ya Mombo hadi Lushoto hupanda takriban mita 1,000 katika umbali wa kilomita zipatazo 33, mwinuko wa wastani wa asilimia 3 wenye sehemu kali zaidi kwenye kona, na anayeitumia kwa mazoezi anaweza kupanda kipande kinachomtosha, akaikunja baiskeli, akaiingiza kwenye basi dogo na kurudi chini bila kuzijaribu breki za bei nafuu kwenye miteremko ya Usambara. Anapata kupanda, ambako ndiko kunakoujenga moyo na mapafu, na anaacha kushuka, ambako hakumpi zoezi lolote. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na mwinuko huwapa watu mazoezi makali kwa mwendo wa kilomita 7 kwa saa, mwendo ambao hata akianguka mtu huwa ameanguka polepole.

Inayobaki ni kazi ya wauzaji. Nguo huuzwa ikiwa na saizi yake na kiatu vilevile, lakini baiskeli huuzwa mahali penye milima bila mnunuzi kuambiwa hatua yake fupi kabisa ni mita ngapi, ingawa kuihesabu huchukua muda mfupi kuliko kupatana bei. Kadi iliyofungwa kwenye usukani, yenye idadi ya meno ya mbele, idadi ya meno ya nyuma na hatua inayopatikana, ingetosha kumfahamisha mkazi wa Mbeya kama baiskeli iliyo mbele yake itampandisha hadi kwake, iwe ya inchi 20 au ya inchi 28.