"Hivi karibuni" ni lini? Wakaaji wa Beni na Butembo wanahitaji tarehe

Ujumbe unazunguka kwenye simu kutoka Oicha hadi Butembo: "Waasi wameonekana hivi karibuni upande wa Mbau." Mama mwenye shamba la kakao anausoma asubuhi, panga mkononi. Je, waasi walionekana jana jioni, wiki iliyopita, ama ujumbe huo ni wa miezi 3 iliyopita na mtu ameurusha upya? Akienda, anaweza kufa. Asipoenda, kakao itaozea mtini na watoto hawatalipiwa masomo.

Neno hilo linabeba mizigo miwili. Kifaransa kinatenga "récemment" kwa jambo lililopita na "bientôt" kwa jambo linalokuja. Kiingereza nacho kina "recently" na "soon". Kiswahili kinatumia "hivi karibuni" kwa yote mawili. Mara nyingi kitendo kinasaidia: "walifika hivi karibuni" si sawa na "watafika hivi karibuni". Lakini mtu akisema "uchaguzi wa hivi karibuni", msikilizaji hajui kama kura zimekwisha kupigwa ama bado. Na hata pale kitendo kinapoeleweka, urefu wa muda haujulikani. Inaweza kuwa siku 2, inaweza kuwa miaka 2.

Kosa si la lugha. Kiswahili kina jana, juzi, kesho, kesho kutwa, mtondo, na hesabu ya siku kwa yeyote anayetaka kuitumia. Kosa ni la wale wanaochagua neno lisilo na mpaka wakati raia anangoja jibu lenye mpaka: barabara itatengenezwa hivi karibuni, waliokimbia vita watapata msaada hivi karibuni, amani itarudi hivi karibuni. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yalianza kuongezeka mwezi wa 10 mwaka wa 2014. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule amekwisha kukaa miaka mingi kwenye benchi la shule, na ahadi ile ile bado inasomwa kwenye redio.

Tarehe inampa raia nguvu ya kuhoji. Tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka wa 2018, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura tarehe 30 pamoja na nchi nzima, bali mwezi wa 3 mwaka wa 2019. Sababu zilizotolewa kwa Beni na Butembo zilikuwa Ebola na usalama mdogo. Kwa kuwa mwezi ulitajwa, wakaaji walipiga hesabu mara moja: rais mpya angeapishwa kabla ya wao kupiga kura. Ndivyo ilivyokuwa, aliapishwa tarehe 24 mwezi wa 1. Ndiyo maana watu wa Beni walijipanga mistari tarehe 30 na kupiga kura yao ya mfano. Kama tume ingesema tu "hivi karibuni", wangehoji nini?

Hali ya dharura ya kijeshi ilianza Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka wa 2021 kwa siku 30. Baadaye ikarefushwa kwa siku 15, tena 15, hadi ikapita miaka 3. Hapo pia tarakimu ndizo zilizomwezesha raia kuuliza: zile siku 30 zilikwenda wapi?

Wakati wa Ebola, madaktari walionyesha njia nyingine. Hawakusema ugonjwa utaisha karibuni. Walihesabu siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho kupona. Tarehe 10 mwezi wa 4 mwaka wa 2020, siku chache kabla ya hesabu kutimia, mgonjwa mpya alipatikana Beni. Hesabu ikaanza upya, na mwisho ukatangazwa tarehe 25 mwezi wa 6. Watu waliumia moyo, lakini walijua kilichotokea na kwa nini.

Ni kweli, jeshi haliwezi kutangaza siku ya operesheni yake. Hakuna anayeomba hilo. Lakini kiongozi asiyejua tarehe aseme kwamba haijulikani, na ataje kinachongojewa: feza, mashini, ama sahihi kutoka Kinshasa. Wanahabari nao waanze nyumbani kwao. Kila habari ya shambulio iandikwe siku, mwezi na mwaka ndani ya maneno yenyewe, kwa sababu habari hiyo ikikatwa na kutumwa kwenye WhatsApp, tarehe iliyo juu ya ukurasa inabaki nyuma.

Yule mama wa kakao haombi hotuba. Anauliza kama ni jana ama ni mwezi uliopita, ili ajue kama leo anaenda shamba.