MAONI YETU: STEJI YA LANGAS



Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto alikabidhi hati, na Eldoret, ile Sisibo ya wazee wetu, ikawa jiji la tano la Kenya. Tulishangilia pamoja na wengine wote. Lakini kesho yake, siku ya Ijumaa, watu wa Langas waliamka saa kumi na moja kama kawaida, wakatoka kwa miguu gizani mpaka kwenye kona ya barabara ya Kisumu, wakasimama kando ya lami kungojea matatu. Hapakuwa na paa, wala taa, wala mahali pa kukaa mama mwenye mtoto.

Chama kimeandika mara nyingi juu ya mishahara, likizo na viatu vya kazi. Juu ya safari ya kwenda kazini tumeandika kidogo mno, na kosa hilo ni letu sisi wahariri. Tufikiri habari ya mtu akaaye Kisumu Ndogo na kufanya kazi upande wa Maili Nne. Apanda gari la kwanza hadi mjini, ashuka, apenya katikati ya watu na mikokoteni, kisha atafuta gari la pili barabara ya Uganda. Jioni ni vivyo hivyo. Nauli nne kwa siku moja, na mvua ikinyesha nauli hupanda. Nyongeza tuliyoipigania mezani mwaka mzima huishia njiani. Na asubuhi akichelewa, ni yeye akatwaye mshahara, si gari.

Twataka nini basi? Twataka kituo cha kubadilishia magari papo hapo Langas, wala si jumba la fahari katikati ya jiji. Magari yatokayo ndani ya Langas na Yamumbi yakutane hapo na yale yatokayo Kapseret na upande wa uwanja wa ndege. Boda boda wawe na pahali pao, wenye baiskeli wawe na pahali pa kuzifungia, na watembeao wawe na njia yao isiyo mfereji. Pia magari mengine yaondoke hapo moja kwa moja hadi mahali penye kazi, bila kumshusha kila mtu mjini. Serikali ilijenga barabara ya mchepuko ya kilomita 32 toka Cheplaskei, kupitia Kapseret, hadi Leseru, malori ya Uganda yapate kupita bila kuingia mjini. Hatuoni vibaya, ilikuwa kazi njema. Lakini kama lori limefikiriwa, mwenye kushona nguo kiwandani naye afikiriwe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hulipita haraka. Tunaye mwanachama mmoja atembeaye kwa magongo. Asubuhi moja ya mvua tulisimama naye kwenye kona ile. Magari matatu yalisimama, yakajaa, yakaondoka, kwa maana mwenye magongo hawezi kukimbia na kugombea mlango. La nne likaja nusu tupu, lakini kidato chake kilikuwa juu na ardhi chini yake ilikuwa tope tupu. Alipandishwa kwa kubebwa kama gunia la viazi. Hakusema neno. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, yasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri wa watu wote. Haisemi abebwe.

Dawa yake si ngumu. Sakafu ya kungojea iinuliwe ikaribiane na kidato cha gari, na iwe na mteremko mpole, urefu wa mita 12 kwa kila mita moja ya kupanda, kiti cha magurudumu kipate kupita. Dar es Salaam wamefanya zaidi ya hayo. Tangu Mei 2016 mabasi yao ya mwendokasi husimama kwenye vituo vilivyoinuliwa sawa na sakafu ya basi, mtu akaingia kama aingiavyo chumbani mwake. Dar si Ulaya. Ni jirani yetu, na taabu zake twazijua. Tena tujifunze na kosa lao: karakana ya mabasi hayo iliwekwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, na mafuriko yameiingia zaidi ya mara moja. Kwetu Langas, ambako mvua hunyesha miezi mingi, mfereji uchimbwe kwanza, paa na rangi vije baadaye. Taa za nguvu ya jua, maji, na vyoo vyenye mlango mpana visiachwe nyuma. Mama mboga nao wachorewe nafasi katika ramani tangu siku ya kwanza, wasije wakafukuzwa na askari wa kaunti siku ya kufungua.

Twajua kuna wanachama wanaosoma haya wakikunja uso, nao ni madereva na makondakta. Husema steji mpya maana yake ni ushuru mpya, foleni mpya na mabwana wapya wa kupanga magari. Hawana wazimu. Nairobi kulijengwa kituo cha Green Park, kikubwa na kizuri, kikafanyiwa majaribio mwaka 2021 na tena mwaka 2022, kisha kikakaa muda mrefu bila kazi iliyokusudiwa. Kuta hazikuwa na kasoro. Shida ilikuwa kuwapangia watu wa matatu kazi yao bila kukubaliana nao kwanza.

Tena lipo jambo la ndani zaidi. Kanuni za magari ya abiria za mwaka 2014 zataka mfanya kazi awe na mkataba na mshahara wa mwezi. Ni wangapi kati yenu walio nao? Wengi bado hufukuzana na hesabu ya tajiri ya kila siku, na kinachobaki ndicho ugali wa nyumbani. Mtu wa namna hiyo hawezi kumngojea mwenye magongo dakika mbili, maana dakika mbili ni abiria watatu waliopandwa na gari la nyuma. Tusimlaumu kondakta kwa roho mbaya. Alipwe mshahara, naye atangoja. Kwa hiyo hatutakubali madai haya mawili yatenganishwe, sakafu ya abiria na mkataba wa mfanya kazi wa gari. Atakayetupa la kwanza na kutuambia la pili litafuata, tumjibu kwamba tumekwisha kungoja tangu 2014.

Kuhusu mahali pa kupeleka madai. Kwa Katiba, usafiri wa abiria barabarani, taa za njiani na barabara za kaunti ni kazi ya kaunti. Barabara kuu yenyewe ni ya serikali ya kitaifa. Mtaona wenyewe hatari iliyopo: barua yetu itarushwa toka ofisi hii hadi ile kama mpira. Kwa hiyo tutaandika barua moja, iende pande zote mbili siku ile ile, na kila upande uone jina la mwenzake juu yake.

Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wapaswa kufikishwa katika bunge la kaunti si baada ya tarehe 1 Septemba, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Mikutano hiyo mara nyingi huitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati sisi tuko kwenye mashine. Tutadai uwepo mmoja Langas siku ya Jumapili alasiri.

Lakini hatuwezi kwenda mikono mitupu. Twahitaji watu wa kukaa kwenye kona ile kuanzia saa kumi na moja asubuhi hadi saa mbili, siku tano mfululizo, wahesabu abiria, magari, walioachwa, na wavukao barabara. Wanne kila asubuhi watatosha, mmoja wao awe mtu wa matatu anayejua magari kwa majina. Wenye nafasi waandikishe majina kwa katibu wa tawi. Kalamu na daftari ziko ofisini. Koti la mvua kila mtu aje na lake.