Amplifaya tununue, boksi tuchonge Sikonge

Katika muziki wa dansi wa Tanzania kuna mtu mwenye nguvu kuliko mwimbaji, mtunzi na mpiga solo: mwenye vyombo. Akivichukua vyombo vyake, jukwaani wanabaki watu waliokunja mikono. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, ikifuata jina la chama kila kilipobadilika, kwa kuwa magitaa na spika vilikuwa mali ya chama. Mkoa wa Tabora haujawahi kukosa vidole vya gitaa. Ndiko walikotoka Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Kinachokosekana ni vyombo, na tatizo hilo linaonekana zaidi ukitoka mjini, ukashika barabara ya Mpanda hadi Sikonge, kilomita 70 hivi kusini. Kwaya au kikundi cha vijana kikishachanga fedha za kununua amplifaya ya gitaa, ubishi huanzia kwenye wati na kuishia kwenye jina la kampuni, na boksi la spika halizungumziwi kabisa, kana kwamba ni kifungashio. Nadhani mahesabu hayo yamekaa kichwa chini. Amplifaya tununue, ya kiasi tu. Fedha ya maana iende kwenye spika yenyewe. Na boksi lichongwe hapo hapo Sikonge.

Tuanze na wati, maana ndizo zinazouza. Kwenye katoni la redio au spika ya kisasa utakuta tarakimu za kutisha, elfu tano, elfu kumi, na pembeni herufi P.M.P.O. Geuza chombo, usome kibandiko kidogo nyuma karibu na waya wa umeme: mara nyingi kitakuambia kinakula wati 60 au 100. Hakuna chombo kinachotoa nguvu zaidi ya iliyoingia, kama vile mashine ya kusaga haitoi madebe mawili ya unga kwa debe moja la mahindi. Hata wati za kweli, zile za RMS, haziongezi sauti kama wengi wanavyodhani. Ukizifanya maradufu, kutoka 50 hadi 100, sauti hupanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho msikilizaji aliyekaa benchi la nyuma atakitambua kwa shida. Ili sikio liseme kelele imekuwa mara mbili, zinatakiwa desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi. Sasa tazama upande wa pili. Spika ya maana huja na karatasi inayoeleza itatoa desibeli ngapi ikipewa wati 1 na kupimwa kutoka mita 1. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 ziko kati ya 97 na 100, ilhali spika nyingi za redio za nyumbani hazifiki 90. Kwa tofauti hiyo ya desibeli 10, amplifaya ya wati 20 ikifungwa kwenye spika ya 100 itasikika sawa na ya wati 200 kwenye spika ya 90. Anayelipia wati 180 za ziada badala ya kulipia spika ni sawa na anayejaza maji kwenye ndoo iliyotoboka kwa kuongeza kasi ya bomba.

Halafu liko suala la mlio, ambalo karatasi ya wati hailigusi kabisa. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa wazi hutetema mara 82 hivi kwa sekunde. Spika ya gitaa hubeba kuanzia hapo, na ikifika mitetemo 5,000 hivi huanza kuzima yenyewe. Upungufu huo ndio unaolipa gitaa utamu. Ukilifunga gitaa hilo hilo kwenye boksi la redio lenye twita, ambalo hupanda hadi 15,000 na kupita, kila mkwaruzo wa kidole utatokeza, na mpiga solo akizidisha nguvu kidogo utasikia kundi la mbu. Wengi hulilaumu gitaa, wakalibadilisha, na mbu wakabaki.

Boksi nalo lilianzaje? Leo Fender wa California, ambaye jina lake limo kwenye magitaa nusu ya dunia, alikuwa fundi redio, na hakuwahi kujua kupiga gitaa. Amplifaya zake za miaka ya 1950 zilikaa ndani ya maboksi ya mbao za msindano, ndugu wa zile zinazoshushwa kutoka Mafinga. Jim Marshall, mpiga ngoma mwenye duka la vyombo Hanwell, magharibi mwa London, alianza kuuza amplifaya mwaka 1962. Mafundi wake walikuwa wameinakili amplifaya ya Fender iitwayo Bassman, wakatenganisha mashine na spika, na spika nne za inchi 12 zikafungiwa kwenye boksi lililozibwa nyuma. Zilikuwa nne kwa sababu spika za siku zile hazikumudu nguvu ile zikiwa moja au mbili. Kwa leo, spika moja nzuri inamudu wati 60 au zaidi bila kuungua. Kwa hiyo boksi la spika nne ambalo vijana hulitamani kwenye video ni jibu la tatizo la mwaka 1962. Tena ni zito. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyepita njia hizi kuelekea pwani alibeba frasila mbili hivi, kilo 32, na boksi la namna hiyo hupita hapo. Boksi la spika moja linakaribia frasila moja. Linapanda nyuma ya pikipiki.

Kinachonifanya niseme lichongwe Sikonge ni mbao. Tabora ni nchi ya mninga, na mninga una sifa ambayo maseremala wa mbali wanaulipia ghali: ukikauka hupungua kidogo sana na haupindi. Kiangazi cha Mei hadi Oktoba, kinachopasua milango ya mbao nyingine, hakiusumbui. Uzito wake, kilo 600 na kitu kwa mita ya ujazo, uko karibu na wa plaiwudi nzuri inayotumika viwandani kwa kazi hii. Washona wa Zimbabwe, ambao mti huo huo huuita kwa jina la kutoka damu kwa ajili ya utomvu wake mwekundu, huutumia kuchonga ubao wa mbira zao, kwa hiyo kuuhusisha na muziki si jambo jipya. Ubao mmoja wa 1 kwa 10, futi 12, unatosha kuta nne za boksi la spika moja lenye upana na urefu wa sentimita 50, na kipande kinabaki. Ubao wa mbele tu, ule unaobeba spika, ndio ningeufanya wa plaiwudi ya milimita 18. Ukitoboa tundu la sentimita 28 kwenye ubao mzima wa mninga, nyuzi za mbao zinabaki fupi pembeni mwa tundu na zitapasuka penye bolti. Plaiwudi imelazwa tabaka zikipishana, haipasuki kirahisi.

Kuna watakaosema ninawatuma watu kumaliza misitu. Hoja hiyo ni nzito kuliko zote, maana mninga hukua polepole, hesabu yake ni miongo, na umevunwa mno. Lakini linganisha kiasi: ubao mmoja kwa chombo kitakachodumu miaka 30, wakati mlango mmoja tu wa sebuleni unakula mbao kadhaa na hakuna anayeuandikia makala. Sharti ni ubao huo uwe umegongwa nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu na muuzaji awe na hati yake. Asiyeupata kihalali atumie mbao za Mafinga, kama Fender, apake rangi, na mtu wa benchi la nyuma hatajua tofauti. Mimi mwenyewe sidai kwamba mninga una "sauti" ya ajabu. Mbao huchangia, ila kidogo kuliko spika na kuliko ufundi wa viungo.

Na ufundi ndio pingamizi la pili. Inasemwa kwamba maboksi ya mitaani yanagonga, yanazizima, yanatoa mlio wa debe, na ya dukani yamepimwa na wahandisi. Ni kweli mengi yanagonga. Yanagonga kwa sababu yamepigwa misumari pale palipohitaji gundi, na kwa sababu ubao wa nyuma umeshikwa na skrubu nne, moja kila kona. Ukitaka kulipima boksi, piga uzi mnene wazi, sauti ikiwa juu, kisha pitisha kiganja taratibu kwenye kila ubao. Palipo na kiungo kilicholegea utahisi mkononi kabla sikio halijasema. Dawa yake ni pembe zilizounganishwa kwa meno yanayopishana, gundi ya kutosha, vipande vya mbao ndani ya kila kona, skrubu kila sentimita 10 kwenye ubao wa nyuma, na kipande cha tyubu ya baiskeli chini ya ukingo wa spika ili hewa isipenye. Seremala anayetengeneza kabati lisilolia mlango hashindwi na kazi hiyo. Huwa hajaelezwa tu kwamba boksi la spika ni kabati linalotikiswa mara mamia kwa sekunde. Kuhusu vipimo vya wahandisi, boksi la gitaa halidai mengi. Likizidi sentimita tano huku au kule, litapiga. Ndiyo maana viwanda vyenyewe vimekuwa vikiyatengeneza kwa saizi tofauti tofauti kwa zaidi ya miaka 60.

Besi ni habari nyingine, na hapo nawapa wapinzani haki yao. Boksi la besi lenye tundu la hewa linataka hesabu: ujazo wa ndani na urefu wa bomba la tundu lazima viendane na spika iliyomo, kwa kanuni alizoziandika Neville Thiele wa Australia mwaka 1961 na kuendelezwa na Richard Small. Ukikisia, besi itavuma kwenye noti moja na kupotea kwenye nyingine, na spika inaweza kuchanika. Mpiga besi anunue lililo tayari, au fundi afuate mchoro wa kiwanda kilichotengeneza spika hiyo, bila kupunguza hata sentimita kwa kuokoa ubao.

Sasa amplifaya. Wapenzi wa muziki wa roki watasisitiza ya valvu, na kwa gitaa linalounguruma wana sababu. Lakini solo na rithim za dansi, na za kwaya zetu, zinataka mlio safi, noti moja ikionekana mbali na nyingine. Roland ilitoa JC-120 mwaka 1975, amplifaya ya transista yenye mashine mbili za wati 60 na spika mbili za inchi 12, na umaarufu wake kwa sehemu kubwa umejengwa juu ya usafi huo. Valvu hufa, na viwanda vinavyozitengeneza vimebaki vichache duniani, hasa Urusi, Slovakia na China. Kuagiza moja hadi Sikonge kwa ajili ya ibada ya Jumapili ijayo ni ndoto. Transista ya wati 50 za kweli inatosha, na zipo za kisasa zinazokubali umeme wa kuanzia volti 100 hadi 240, jambo la maana pale umeme unaposhuka jioni watu wote wakiwasha. Uangaliwe tu ukinzani ule ulioandikwa penye tundu la spika, wa omu. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa 4, zikifuatana zinakuwa 16. Na ikiandikwa kwamba mwisho ni 8, ukiipa 4 unaweza kuiunguza.

Wapo pia wanaoona mjadala wote umepitwa: gitaa liingizwe kwenye miksa, lipitie kisanduku kidogo kinachoiga amplifaya, litokee kwenye mziki wa kukodi. Kwa sherehe ya siku moja sina ubishi. Ila mziki wa kukodi una mwenyewe, na tumesharudi pale pale kwa mwenye vyombo. Kikundi kinachofanya mazoezi kwa vyombo vya mtu hufanya mazoezi siku anayotaka yeye.

Kikundi kikikubaliana, kiende kwa seremala na spika yenyewe mkononi, si picha ya simu. Tundu lichorwe kwa kuizunguka, bolti zipimwe kwenye matundu yake. Kabla ya kufunga ubao wa nyuma, guseni ncha mbili za spika kwa betri moja ya tochi, upande wa kujumlisha kwenye alama ya kujumlisha. Koni iruke mbele, kidogo tu, kama kifua kinachovuta pumzi. Zikiwa spika mbili na moja ikaruka mbele nyingine ikarudi nyuma, nyaya zimepishana. Zitauana sauti, na hakuna wati zitakazoziokoa. Ni kuzigeuza tu, kisha skrubu zirudishwe.