Wimbi Lililovuka Bahari

Ukilisikia jina la mahindi utadhani yametoka Uhindini. Hayakutoka huko. Asili yake ni Amerika, na pwani yetu iliyajua baada ya Wareno kufika. Lakini iko nafaka nyingine ambayo kwa kweli ilitoka katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, baina ya Uhabeshi na Uganda, ikavuka bahari maelfu ya miaka iliyopita, ikafika Uhindini, ikapokewa kwa heshima, ikapewa jina na ikawa chakula cha mamilioni ya watu. Nafaka hiyo ni wimbi, ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita ulezi. Wahindi wa kusini huliita ragi. Na sisi wenye kulizaa tumeliacha liwe uji wa mtoto na wa mzazi, na zaidi ya hapo tunaliona ni chakula cha shida.

Nimelitafakari jambo hili tangu niliporudi kutoka Kitale na Bungoma, miji miwili ya magharibi mwa Kenya ambayo haiko mbali sana, ila kwa habari ya nafaka kila mmoja una sura yake. Kitale ni mji wa mahindi. Reli iliufikia mwaka 1926, masetla wakalima mashamba makubwa ya Trans Nzoia, mwaka 1956 ikaanzishwa huko Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, na mwaka 1964 mahindi chotara ya kwanza ya Kenya yakatolewa kwa wakulima. Sitaki kuyatukana mahindi, yameishibisha nchi. Lakini kila yalipoongezewa shamba, wimbi lilisogezwa pembeni. Bungoma bado utawakuta akina mama wa Kibukusu sokoni wakilipima wimbi kwa gorogoro, nao huliita bulo. Ukiwauliza ni la kupikia nini, watakutajia uji, watakutajia ugali mweusi ambao kwa wazee wao ndio ugali hasa, na baadhi yao watakutajia busaa.

Lililonishangaza nililikuta Kitale, katika nyumba ya Mhindi mmoja mwenye duka. Mama wa nyumba alituandalia dosa, yaani chapati nyembamba ya maji ya Wahindi wa kusini, ya chumvi wala si ya sukari. Dosa tuijuayo mijini ni nyeupe, ya mchele na dengu. Hii ilikuwa ya rangi ya udongo mwekundu. Nilipouliza, niliambiwa kwamba ni ya wimbi lililonunuliwa Bungoma, na pojo zisizokobolewa. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarati na Punjab, kwa hiyo hata kwao dosa ni ya kujifunza. Lakini wamejifunza, na wameipika kwa nafaka iliyokuwa ikiuzwa mbele ya macho yetu siku zote. Waswahili tuna msemo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wimbi limezunguka bahari yote, na sasa limerudi ngamani likiwa na jina la kigeni.

Kwa nini sisi watu wa pwani tujishughulishe na wimbi la bara? Sababu ya kwanza ni afya. Sidhani kama iko familia ya Kiswahili leo isiyo na mgonjwa wa sukari. Tazama sinia zetu: mkate wa unga mweupe asubuhi, wali mweupe mchana, na jioni mahamri, vitumbua na vibibi, vyote vyeupe na vingi vimetiwa sukari. Wimbi ni punje ndogo mno hata kulikoboa ni taabu, kwa hiyo husagwa pamoja na ganda lake, nalo hubaki na ufumwele wake wote. Tena lina kalsiamu ambayo kwa kawaida hupita miligramu 300 katika kila gramu 100, kiasi kisichofikiwa na mchele, ngano wala mahindi. Simwambii mgonjwa aache dawa yake, wala simwambii kuwa wimbi halina wanga. Nasema ale kwa kiasi, na nafaka anayokula iwe nzima.

Na habari ya nafaka nzima si mtindo mpya uliozuliwa na madaktari. Tuliosoma chuoni tumesikia, katika mlango wa vyakula wa Sahihi Bukhari, kwamba Sahl bin Saad (R.A.) aliulizwa juu ya unga mweupe. Akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) hakuuona tangu alipopewa utume mpaka alipofariki, wala hakuona chekecheke. Walikuwa wakiisaga shayiri, kisha wakaipuliza. Makapi yaliyoruka yakaruka, na yaliyobaki wakayatia maji wakala. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha mbora wa viumbe. Sisi tunalipia fedha zaidi ili tukobolewe kilicho bora, kisha tunakwenda kukinunua tena katika duka la dawa.

Najua kuna watakaokunja uso. Watasema wimbi ni nafaka ya busaa, na dosa nayo huachwa usiku kucha ichachuke. Je, hapo hapana shaka? Mimi sioni shaka. Zabibu hukamuliwa mvinyo, na hatujapata kuzitoa katika biriani zetu. Mkate wa kumimina tunauumua kwa hamira, na mashekhe wanaula. Kilichoharamishwa ni kilevi, si uchachu, siki ni chachu, na katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa ni kitoweo chema. Uji wa dosa hulala ukaumuka, kisha hupikwa juu ya chuma cha moto. Hapana mtu aliyelewa kwa dosa.

Sasa nieleze inavyopikwa, kwa sababu maneno matupu hayashibishi. Chukua vikombe viwili vya wimbi zima. Lipete, ulioshe kwa maji mengi mara tatu au nne, kwani la sokoni halikosi mchanga. Chukua kikombe kimoja cha pojo na maganda yake, zile ambazo bara huitwa ndengu na Unguja huitwa chooko. Ukipata zile dengu nyeusi ndogo ambazo Wahindi huziita urad, tia robo kikombe, zitasaidia kuumua. Ongeza kijiko kidogo cha uwatu. Roweka wimbi mbali na pojo na uwatu wake mbali, kwa saa nane. Kisha saga vyote kwa mashine mpaka vilainike, changanya, na maji yawe kiasi cha uji mzito wa vibibi.

Funika uache uumuke. Hapa hali ya hewa ndiyo saa yako. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari na usiku wake ni wa baridi, kwa hiyo chombo huwekwa karibu na jiko na husubiriwa mpaka asubuhi. Mombasa, katika joto la Kaskazi, ukisubiri kiasi hicho utakuta umechachuka kupita kiasi. Utazame baada ya saa sita. Ukishaumuka tia chumvi, kitunguu kilichokatwa vidogo, tangawizi, pilipili mbichi, bizari nyembamba na kotmiri. Pasha chuma cha chapati, kipake mafuta kidogo, mimina upawa mmoja katikati na uutandaze kwa mgongo wa upawa kwa kuzungusha kutoka ndani kwenda nje. Kingo zikianza kujiinua, geuza. Bungoma utaila kwa chatini ya njugu. Kwetu, nazi haitutupi mkono. Tui la sukari liache, ila chatini ya nazi, pilipili na ndimu ni mahali pake.

Mama yeyote wa Kiswahili akisoma maelezo hayo atacheka, maana hapana jipya ndani yake. Kuroweka, kusaga, kuumua, kumimina: hiyo ndiyo kazi ya mkate wa kumimina, na ndiyo kazi ya vibibi. Bajia za kunde tunazipika kwa kunde zilizorowekwa na kusagwa. Mikono inajua kila kitu. Kinachotakiwa kubadilika ni kilichomo ndani ya kibaba.

Liko neno moja la haki ambalo sitalificha. Wimbi ni ghali. Sokoni bei yake huwa juu ya mahindi, na mara nyingi kwa mbali. Si kwa ubaya wa wafanyabiashara peke yao. Kulilima wimbi ni kazi nzito: magugu yake yanafanana nalo hata macho hudanganyika wakati wa kupalilia, ndege hulivamia, na huvunwa kwa kisu, suke kwa suke. Mkulima wa Bungoma aliyepewa mbegu chotara ya mahindi na mbolea hawezi kulaumiwa kwa kuliacha. Lakini wimbi lina fadhila ambayo mahindi hayana: likikaushwa vizuri hukaa ghalani miaka bila ya kuliwa na fukusi. Na nafaka isiyonunuliwa haipati mtu wa kuitafutia mbegu bora wala mashine ya kupandia. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa mwaka wa nafaka za jamii ya wimbi na mawele duniani kote, na pendekezo hilo lilitolewa na Uhindi. Uhindi, wala si sisi tulio kwenye chimbuko lake. Hotuba zilitolewa, mwaka ukapita, na gorogoro la Bungoma likabaki pale pale.

Siwaonei Wahindi wivu. Dosa ni ufundi wao, na wana haki ya sifa yake. Tulichopungukiwa sisi ni kuthamini cha kwetu kabla hakijasifiwa na mwingine. Basi serikali za kaunti za magharibi ziwatafutie wakulima wa wimbi mbegu na mashine kama walivyotafutiwa wa mahindi, na wafanyabiashara wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu waagize magunia kutoka Bungoma. Nasi majumbani tuanze na jambo dogo: Ramadhani ijayo, siku moja katika juma, sinia la futari liwe na chapati ya wimbi na pojo mahali pa kitumbua cha sukari. Watoto wataiuliza jina. Waambieni inaitwa dosa, na waambieni pia wimbi lake lilitoka wapi.