Mpangaji Hakulipii Mkopo

Semina za uwekezaji wa nyumba zimejaa Dar es Salaam, na nyingi huishia kwa kuuziwa kiwanja cha Kigamboni au Chanika kwa malipo ya awamu. Sina ugomvi na kiwanja. Nyumba za kupangisha zimesomesha watoto wengi mjini hapa na bado zitasomesha. Ugomvi wangu ni na madai yanayorudiwa kwenye semina hizo mpaka yakaonekana hayana haja ya kuhesabiwa. Tuyahesabu.

"Kopa benki, mpangaji atakulipia mkopo."

Dai hili limetufikia kwa vitabu vya Kimarekani, hasa kile cha Robert Kiyosaki cha mwaka 1997. Kule mtu hupata mkopo wa nyumba wa miaka 30 wenye riba isiyobadilika, na mwaka 2021 riba hiyo ilishuka hadi chini ya asilimia 3. Kwa riba ya namna hiyo pango linaweza kweli kuubeba mkopo. Kwetu ipo TMRC, iliyoanzishwa mwaka 2010 ili kuyapa mabenki fedha za muda mrefu za kukopesha wanunuzi wa nyumba. Imesaidia, lakini riba za mikopo hiyo bado zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 13 na 19.

Chukua nyumba ya shilingi milioni 125. Umetanguliza milioni 25, benki imekupa milioni 100 kwa riba ya asilimia 16, ulipe kwa miaka 15. Rejesho ni kama shilingi 1,470,000 kila mwezi, na katika rejesho la kwanza zaidi ya 1,330,000 ni riba tupu. Nyumba umeipangisha kwa 700,000, na hapo nimekuwa mkarimu. Kila mwezi unaongeza 770,000 kutoka mfukoni mwako kabla hujanunua hata koki ya bomba. Huyo mpangaji uliyeambiwa atakulipia mkopo analipa kama nusu ya riba.

Mtoa semina atakujibu kwamba pango hupanda. Haya, tulipandishe asilimia 5 kila mwaka, bila kukosa hata mwaka mmoja na bila mpangaji kuhama kwa hasira. Litalifikia rejesho baada ya miaka 15, mkopo wenyewe ukiwa unakwisha, nawe umeshairudishia benki kama milioni 264.

Mkopo una mahali pake. Mwenye vyumba viwili vilivyokwisha kupauliwa, vinavyosubiri plasta, milango na umeme, akikopa milioni 5 kwenye SACCOS yake na kuvipangisha kwa 80,000 kila kimoja, anapata 1,920,000 kwa mwaka, zaidi ya theluthi moja ya alichokopa. Shilingi ya kumalizia hulipa kuliko shilingi ya kuanzia, kwa sababu kiwanja, msingi na paa vimeshalipiwa. Ila kama dhamana ni nyumba mnayoishi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi wako. Usiitafute saini yake siku benki wanapoidai. Mhesabu pamoja tangu mwanzo.

"Basi jenga kidogokidogo. Hakuna riba, hakuna gharama."

Hakuna riba unayolipa, ila ipo unayoikosa. Hatifungani ya serikali ya miaka 25, ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2021, ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na kuingia ilitosha kuwa na shilingi milioni moja. Milioni 10 zilizofukiwa kwenye msingi mwaka huo na kukaa miaka mitano zikisubiri tofali zingekuwa zimeleta karibu milioni 8, hata bila kuizungusha riba yenyewe. Riba za matoleo hayo hupanda na kushuka, kwa hiyo hesabu ya leo ifanywe kwa riba ya leo. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Watetezi wa kidogokidogo wana hoja moja ninayoiheshimu: pesa iliyoko benki ina ndugu wengi, wakati tofali haliombwi mkopo na shemeji. Kweli kabisa. Lakini tembea Goba, Mbezi na Bunju uone mapagale yaliyoota miti ndani. Wengi wa wenye mapagale hayo hawakukosa nidhamu. Walianza na ramani ya nyumba ambayo haiwezi kuingiza hata senti mpaka ikamilike yote, kisha ada za shule, ugonjwa au kazi kuisha vikawakuta kwenye linta. Hata NHC, shirika la umma lenye wahandisi wake, liliuona mradi wake wa Morocco Square ukisimama kwa miaka kabla ya kukamilika. Kama lazima ujenge kwa mshahara, chagua ramani inayokubali kukatwa: vyumba viwili na choo chake vianze kulipa, viwili vinavyofuata vijengwe pembeni. Ghorofa ingoje.

"Ardhi haishuki bei."

Waulize waliokuwa na nyumba kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, zilizobomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi wa barabara. Na pale ambapo haishuki, bei unayoijua ni ile anayoitaja dalali. Bei halisi utaijua siku unapouza kwa shida ya haraka, na hapo mnunuzi ndiye mwenye muda. Faida ikipatikana, nayo inatozwa kodi. Kiwanja kisichozalisha kitu kinaweza kukaa miaka kumi kikipanda bei mdomoni tu.

"Karatasi ya serikali ya mtaa inatosha."

Inatosha kuonyesha kwamba mliuziana mbele ya mashahidi. Haikuonyeshi kama kiwanja kimewekwa rehani, kama kiko kwenye hifadhi ya barabara, au kama kimeshauzwa kwa mwingine mwenye karatasi kama yako. Kama kina hati, lipia upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Kama hakina, peleka mpimaji, kisha ukaulize ofisi ya ardhi ya halmashauri eneo hilo limepangiwa matumizi gani. Muuzaji anayeudhika kwa kuulizwa ameshakujibu.

"Pangisha kwa dola uwe salama."

Tangu kanuni za mwaka 2025, kutaja au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi ni kosa. Tuendelee.

"Pango ni pesa inayoingia ukiwa umelala."

Rudi kwenye nyumba yetu ya 700,000, sasa tuseme haina mkopo. Kwa mwaka ni 8,400,000. Mwezi mmoja iko wazi mpangaji mmoja akihama na mwingine akitafutwa: zimebaki 7,700,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10: 6,930,000. Weka 900,000 za rangi, fundi bomba, gari la majitaka na kodi ya ardhi. Unabaki na kama milioni 6 juu ya mali ya milioni 125, chini ya asilimia 5, kazi yako mwenyewe bila kulipwa. Aliyepokea pango la miezi sita kwa mkupuo mwezi Januari na kununulia pikipiki, mwezi wa nne paa likivuja atakopa.

Kazi ya kutafuta na kutunza wapangaji huwezi kumwachia dalali. Yeye hulipwa na mpangaji mpya pango la mwezi mmoja, kwa hiyo riziki yake ni wapangaji kuhamahama, wakati yako ni watulie. Mpangaji anayelipa kwa wakati na kutunza vyoo ana thamani kuliko nyongeza ya 30,000, na mwenye nyumba anayempandishia kila mwaka kwa mazoea tu hujikuta na mwezi mtupu uliokula nyongeza ya karibu miaka miwili.

Ugomvi mwingi kati ya mwenye nyumba na wapangaji hutokana na mambo madogo ambayo mkataba haukuyataja. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021, ikianza na shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na kupanda hadi 1,500 mwaka 2023. Kisheria ni deni la mwenye nyumba, lakini anayekatwa ni aliyenunua umeme. Katika nyumba ya vyumba sita yenye mita moja, atakatwa yule aliyetangulia kununua mwezi huo, na jioni uani patakuwa na kikao. Andika kwenye mkataba kwamba kiasi hicho kitapunguzwa kwenye pango, au weka mita za kila chumba, na umtaje pia anayelipia gari la majitaka.